Mke wa Kinyozi Rickmann

Telse Brodersen aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kijiji cha mabondeni kando ya Bahari ya Kaskazini ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, akaenda Hamburg kupiga pasi. Hakufukuzwa wala hakutoroka. Mama yake alikuwa na mabinti watano na vitanda viwili, na mmoja alipopata kazi mjini, wanne waliobaki walipata nafasi ya kunyoosha miguu.

Huko mjini alifanya kazi kwa dobi mmoja mtaa wa Eimsbüttel, na baada ya miaka michache hakuna aliyemfikia kwa kola za mashati. Kola iliyopitia mikononi mwake ilisimama kama kigae. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na maneno machache, na wenzake kazini walimwona ana maringo, kumbe alikuwa tu hana la kusema.

Meta Claasen ndiye aliyekuwa na la kusema. Meta alikaa kwenye mitambo ya simu akiunganisha mazungumzo ya watu kutwa, na jioni alirudi nyumbani na hamu ya kuzungumza yake mwenyewe. Walikutana mwaka wa elfu moja mia tisa na ishirini na nane, katika mkahawa ambako Jumapili alasiri wanawake walicheza dansi wao kwa wao. Mkahawa huo haukuwa siri. Magazeti ya wanawake wa aina yao yaliuzwa vibandani, kando ya magazeti ya mpira na ya mapishi. Mwaka uliofuata walipanga pamoja nyumba ya vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, na kila aliyeuliza, Telse alimjibu, "Ni shoga yangu, tunasaidiana kodi."

Halafu Hitler na chama chake wakashika nchi. Katika mwezi wa tatu wa mwaka wa thelathini na tatu mkahawa ulipigwa kufuli, na magazeti yale yakatoweka vibandani kama hayakuwahi kuwapo. Telse na Meta hawakukamatwa. Sheria ya Ujerumani dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kifungu cha mia na sabini na tano, iliwataja wanaume peke yao. Wanawake haikuwataja, sijui kwa kusahau au kwa dharau. Lakini asiyetajwa na sheria aweza kutajwa na jirani, na yako mambo mengi ambayo mtu aliweza kufungiwa siku hizo bila kifungu chochote.

Kila jumba lilikuwa na mtu wa chama wa kuwaangalia wapangaji. Jumba lao lilikuwa na Bwana Wulff, ambaye meno yake ya bandia yaligongana akizungumza. Siku moja alimsimamisha Telse kwenye ngazi.

"Bi Brodersen, nyie wawili mtakaa hivi mpaka lini?"

"Kodi tunalipa, Bwana Wulff."

"Sijauliza kodi, nauliza wanaume. Wewe una thelathini na tatu, mwenzio thelathini. Taifa linataka watoto, nyie mnafuga maua dirishani."

"Wanaume hawajabisha hodi."

"Hawajabisha," alisema Wulff, "au wakibisha hamwitikii?"

Akacheka, meno yakagongana, akashuka zake. Telse alimaliza kupanda ngazi akaketi jikoni bila kuvua koti. Meta aliporudi na kusimuliwa, aliyatoa maua dirishani akayaweka sakafuni.

Pale pembeni ya mtaa palikuwa na duka la kinyozi Ewald Rickmann. Telse ndiye aliyemletea taulo safi kila Jumatatu na Alhamisi. Ewald alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mnene kidogo, mwenye viganja laini na mluzi usiokatika. Alimwita Telse "dada", kama alivyowaita wanawake wote aliowaamini, na hawakuwa wengi. Telse alijua habari zake, kama yeye alivyojua za Telse, na hawakuwahi kuzizungumza.

Wateja nao walihisi. Mwaka wa thelathini na sita polisi walipoanza kusomba wanaume wa namna yake kwa mamia, mzaha ulisikika kila duka la kinyozi mjini.

"Rickmann," mteja mmoja alisema mbele ya watu, povu shavuni, "wewe ulizaliwa lini vile? Si tarehe kumi na saba, mwezi wa tano?"

Watu wakacheka, maana kumi na saba na tano ukiziandika pamoja ndicho kile kifungu cha mia na sabini na tano.

"Mwezi wa kumi na moja, bwana," Ewald alijibu, "na ukizidi kutikisika hivyo, sikio lako utaondoka nalo mfukoni."

Wakacheka zaidi. Lakini Alhamisi hiyo Telse alipoleta taulo, Ewald alimwambia, "Dada Telse, hebu rudisha mlango."

"Nani kafa?"

"Bado. Unaonaje mimi na wewe tukioana?"

Telse aliweka taulo chini. "Umekunywa?"

"Jana nimemnyoa Wulff ndevu, na yeye kaninyoa maswali. Kwa nini sina mke, Jumapili nakwenda wapi, marafiki zangu kina nani. Halafu akaniuliza habari zenu. Kaniuliza mimi, dada! Kama mimi ndiye niwajuaye."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nakuchumbia."

Telse aliziokota taulo. "Mchumba gani anaitwa dada?"

"Nitajizoeza," alisema Ewald. "Hata hivyo wewe ndiye mwenye kazi kubwa. Mimi nakoroma."

Nyumbani Meta alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. "Na mimi nitakuwa nani?" aliuliza.

"Mpangaji."

"Mpangaji! Kitandani mwangu mwenyewe!"

Walifunga ndoa mwezi wa pili mwaka wa thelathini na saba, kwa msajili, dakika kumi. Walikula supu ya mikunga na viazi. Bi Kröger wa ghorofa ya kwanza, mjane aliyejua kila kiatu kilichopanda ngazi ile, alileta keki ya siagi. Bwana Wulff aliwapa mkono wote wawili akasema, "Nilijua tu!"

Ewald akahamia kwao na cherehani ya marehemu mama yake na masanduku mawili. Alilala katika kijichumba cha nyuma ya jiko. Ikawa desturi kwamba hodi ikibishwa, kabla mtu hajafungua, Ewald anasukuma ndara zake chini ya kitanda kikubwa na Meta anaketi jikoni na kikapu chake cha kufuma, mpangaji kamili. Bi Kröger alipouliza, "Bado tu?" huku akimwangalia Telse tumboni, Ewald alijibu kwa uso mkavu, "Tunajitahidi, Bi Kröger. Tunajitahidi sana." Viazi vya kukaanga na nyama alivipika vizuri kuliko wao wote wawili. Baadaye Telse angesema kwamba miezi ile kumi na sita ilikuwa ya raha kuliko yote aliyopata kuishi, na angeongeza kwamba hakujua hilo wakati ule.

Polisi walimjia Ewald Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka wa thelathini na nane, saa nne asubuhi, dukani. Walikuwa wawili, wamevaa nguo za kiraia. Mahali fulani mjini mtu mmoja aliyejuana na Ewald miaka minane nyuma alikuwa amepigwa mpaka akataja majina ishirini na matatu, na Ewald alikuwa la kumi na saba. Mteja aliyekuwa kitini alijifuta povu mwenyewe akaondoka na uso ulionyolewa nusu. Majirani wawili walimwona akikimbia, wakajua kabla Telse hajajua.

Yeye aliitwa polisi siku ya tatu. Ofisa aliyemhoji alikuwa kijana mwenye mafua, mwenye adabu, kila mara akipenga kamasi na kuomba radhi.

"Bi Rickmann, wewe ni mtu mzima, tusizungushane. Mumeo ni hanithi, na mwenyewe amekiri."

"Mmemfanyaje mpaka akakiri?"

"Analala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kipi?"

"Cha ndoa. Kuna kingine?"

"Na huyu mpangaji wenu, Claasen, yeye analala wapi?"

"Chumba cha nyuma ya jiko," alisema Telse.

Yule ofisa aliandika. Kisha akasukuma karatasi mbele yake. "Wewe hatukulaumu, umedanganywa. Sheria ya talaka inabadilishwa mwezi ujao, na kwa mke wa mtu kama huyu haitachukua muda. Tia saini hapa kwamba unakusudia kumwacha."

"Nitafikiri."

"Mwanamke mwenye akili hapa hafikiri, mama."

"Basi mimi sina," alisema Telse, akainuka.

Njiani alijaribu kuipima hatari kwa akili, kama mtu anayepima joto la pasi kwa mate. Akimwacha Ewald, wangerudi kuwa wanawake wawili ndani ya nyumba moja, na sasa na faili polisi. Asipomwacha, atakuwa mke wa yule. Hesabu haikutoa jibu. Kilichomwamulia ni kitu kingine alichokiona cha ajabu: jikoni kulikuwa kimya, hakuna mluzi, na alikuwa na hasira nao walioukata.

Ewald alihukumiwa miezi kumi na minane. Telse alipokwenda kumwona gerezani mara ya kwanza, alimkuta kichwa kina mabaka ya kipara na mikwaruzo.

"Aliyekunyoa ni seremala?" alimuuliza.

"Mwashi," alisema Ewald. "Anajitahidi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Niache, dada. Tia saini yao. Sitakulaumu."

"Kula mkate wako," alisema Telse.

Kifungo kiliisha mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa thelathini na tisa, vita vikiwa vimeshaanza. Telse alisimama mbele ya lango la gereza tangu saa mbili asubuhi, amebeba koti zito la Ewald alilolipiga pasi. Saa tano mlinzi alitoka akamwambia asijisumbue: Rickmann alishachukuliwa na gari la polisi alfajiri.

"Kapelekwa wapi? Amemaliza kifungo chake."

"Kwenye ulinzi."

"Analindwa na nani?"

Mlinzi alimwonea huruma, au pengine baridi ilimchosha. "Nenda nyumbani, mama," alisema. "Watu wanakuangalia."

Alikuwa amepelekwa kwenye kambi moja ya wafungwa kaskazini mwa Berlin. Barua zilikuja mara moja kwa mwezi, mistari kumi na mitano, zote zikisema ana afya njema.

Meta alianza kupungua. Bwana Wulff alikuwa haamkii tena kwenye ngazi. Kazini, msimamizi wa Meta alimwita akamuuliza, kama kwa bahati tu, ikiwa bado anaishi kwa mke wa yule kinyozi. Hakumwambia ahame, ila alimuuliza mara mbili. Tangu hapo Meta alishtuka kila lifti ilipogonga kazini na kila kiatu kilipopanda ngazi nyumbani. Mwezi wa tatu mwaka wa arobaini alisema ameposwa. Mwanamume huyo alikuwa mjane wa Lüneburg, karani wa reli, mwenye watoto wawili.

Telse alikuwa akimenya viazi. "Anajua?"

"Anajua kwamba najua kupika."

"Hujui kupika."

"Ndiyo hivyo. Basi hajui lolote."

Hakuna aliyecheka. Meta alisukuma maganda ya viazi pembeni, akasema, "Telse, mimi si kama wewe. Wewe ni ukuta. Mimi nasikia kila kitu, ndiyo kazi yangu, nasikia. Siwezi tena."

"Lini?"

"Baada ya Pasaka."

Telse alimkunjia nguo zake zote, akapiga pasi hata vitambaa vya mkononi. Hawakugombana. Katika maisha yake yote Telse hakumsema vibaya, na alipoulizwa na dada zake mpangaji wake alikwenda wapi, alijibu kwamba alipata mume.

Miaka ile aliimaliza peke yake. Kiangazi cha mwaka wa arobaini na tatu, mabomu yalipouchoma mji, jumba lao liliungua lote. Bi Kröger alifia katika ghala la chini ya jumba, walikojificha, pamoja na wengine kumi na mmoja. Telse alikuwa zamu upande wa pili wa mji. Alirudi akakuta mlango wa jumba umesimama na nyuma yake hakuna kitu. Akahamia kwenye kibanda cha bustani cha binamu yake, nje ya mji, akapanda kabichi na kupiga pasi sare za hospitali.

Ndipo Ewald alipomkuta, katikati ya mwezi wa sita mwaka wa arobaini na tano. Telse alimwona mzee mmoja amesimama nje ya ua, amevaa suruali iliyofungwa kwa kamba, akadhani ni ombaomba, na wakati ule walikuwa wengi.

"Viazi hakuna," alimwambia.

"Dada Telse," alisema yule mzee.

Alikuwa na miaka hamsini, na uzito wa mtoto. Telse alimlaza kwenye kitanda pekee kilichokuwapo, yeye akalala sakafuni mpaka vuli, na Ewald alipoanza kubishana kuhusu kitanda, Telse akajua amepona.

Mambo ya kambini aliyasimulia mara moja tu, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa. Walishonewa kitambaa cha pembe tatu kifuani kila mtu kwa kosa lake. Cha wafungwa wa siasa kilikuwa chekundu, chao kilikuwa cha waridi. Wenye waridi walipewa kazi ya kubeba udongo wa matofali, na wafungwa wengine hawakutaka kukaa nao. Kinyozi wa kambi alipokufa waliuliza nani anajua wembe, akainua mkono. Kiangazi cha mwaka wa arobaini na mbili wenye waridi waliobaki kwenye matofali waliuawa karibu wote, kwa majuma machache tu. Yeye alikuwa chumba cha kunyolea. "Mikono yangu ilinusurika, na mimi nikaifuata," alisema. Kisha akaomba chumvi.

Mwaka uliofuata ilifunguliwa ofisi ya waliotoka makambini. Waliosajiliwa walipewa kitambulisho, maziwa na nafasi ya nyumba. Ewald hakutaka kwenda, na ni Telse aliyemvalisha koti. Karani wa hapo mwenyewe alikuwa ametoka kambini, na namba aliyochanjwa huko ilikuwa bado mkononi.

"Rangi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Waridi."

Kalamu ikasimama. "Hapa, bwana, ni kwa waliompinga Hitler, na walioteswa kwa ajili ya dini au damu yao. Nyie mlihukumiwa na mahakama. Sheria yenu ilikuwapo kabla yake, na bado ipo."

Ewald alishaanza kuinuka. Telse alimshika bega akamkalisha.

"Mahakama ilimpa miezi kumi na minane," alisema. "Akaimaliza. Ile miaka mitano na nusu iliyofuata, alihukumiwa na mahakama gani?"

"Mama, si mimi niliyetunga sheria."

"Najua. Kila ninayemuuliza, si yeye."

Yule karani alitazama namba mkononi mwake, kisha akavuta chini mkono wa shati. "Siwezi," alisema. "Hata ningetaka. Na ningekuwa nyinyi, jambo hili nisingelitangaza. Polisi ni wale wale."

Katika hilo hakusema uongo. Ewald alipofungua tena duka, mwaka wa hamsini na moja, alikuja ofisa na kadi ya zamani mkononi, akaangalia viti, akaangalia vioo, akauliza kama kuna vijana wanaokuja hapo. Alirudi mara mbili zaidi mwaka ule. Kwenye kadi hiyo Ewald aliandikwa kuwa mhalifu mzoefu, na kambi haikuandikwa. Tangu siku ile hakumkaribisha mwanamume yeyote nyumbani. Kama alikuwa na mtu, alikuwa naye mbali, na Telse hakuuliza. Mluzi ulirudi, ila ulikuwa mfupi.

Waliishi hivyo miaka ishirini, vyumba viwili, vitanda viwili, kitabu kimoja cha ndoa. Walibishana kuhusu madirisha, maana Telse aliyapenda wazi. Siku moja sokoni walikutana na Bwana Wulff, mzee, mwenye meno mapya. "Bado mko pamoja!" alisema, akawapa mkono, na Ewald akaupokea kabla ya kufikiri. Njia nzima ya kurudi aliufuta mkono ule kwenye koti.

Kila Krismasi ilikuja kadi kutoka Lüneburg. Meta alilea watoto wale wawili, akawa bibi wa wanne. Telse alijibu kila mwaka, mistari mitatu, minne. Mwaka mmoja Meta aliandika kwamba atapita Hamburg, wakanywe kahawa. Telse alisubiri stesheni tangu mchana. Treni zilipita tatu, Meta hakushuka. Kadi iliyofuata haikugusia jambo hilo, na jibu halikuligusia.

Ewald alikufa kwa moyo mwaka wa sitini na sita, dukani, akifagia. Kwa kuwa alikuwa mke halali, Telse ndiye aliyepewa maiti, ndiye aliyechagua jeneza, ndiye aliyeketi benchi la mbele, na mchungaji alimpa pole kama mjane. Walikuja wanaume wanne wasiojulikana na mtu, wazee, nadhifu, wakakaa nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha, Telse aliwafuata kabla hawajatoweka, akawapa mkono mmoja mmoja na kuwaambia kahawa iko nyumbani. Wawili walikuja. Mmoja wao alilia juu ya keki, na Telse akampa kitambaa.

Miaka mitatu baadaye bunge lililegeza kile kifungu. Telse aliisoma habari hiyo gazetini mara mbili, akaukata ule ukurasa, hakujua auweke wapi, akautia ndani ya kitabu cha ndoa.

Alikuwa na miaka sitini na minane alipojuana na Gesine Harms, mkunga mstaafu aliyekuja kupiga gumzo kila Jumatano kwenye foleni ya samaki. Baada ya mwaka walipanga pamoja nyumba ya ghorofa ya chini, kwa sababu ya magoti ya Gesine. Jirani kijana aliwasaidia kuingiza kabati, akauliza, kwa adabu tu, kama wao ni ndugu.

Telse alivuta pumzi ya kujibu kama alivyozoea. Gesine akamtangulia.

"Hapana," alisema. "Hebu liinue huko upande wako, linakwaruza ukuta."

Yule kijana akaliinua.